Margaret Dayhoff na Alfabeti ya Protini

Katika damu ya binadamu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila sehemu ya mwili. Mmoja wa minyororo yake, ule uitwao beta, umeundwa kwa viungo 146 vilivyofuatana kwa mpangilio maalumu. Viungo hivyo ni asidi amino, na aina zake zote ni ishirini tu. Mtu akirithi kutoka kwa wazazi wake wote wawili mnyororo ambao katika nafasi ya sita asidi glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake, chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu pindi oksijeni inapopungua, naye huugua selimundu. Kiungo kimoja kati ya 146! Ilhali yapo mabadiliko mengine chungu nzima katika protini za watu ambayo hayamdhuru yeyote, na wenye kuyabeba huishi na kuzeeka pasipo kujua kwamba wanayo. Je, yawezekana kutabiri ni badiliko lipi litakaloharibu kazi ya protini na ni lipi litakalopita bila kuhisiwa? Miongoni mwa waliotangulia kuliwekea swali hili msingi wa hesabu ni Dkt. Margaret Oakley Dayhoff, mwanamke ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma aliitumia katika kazi ambayo wenzake wengi waliiona kuwa ya ukarani.

Margaret Belle Oakley alizaliwa tarehe 11 Machi 1925 mjini Philadelphia, Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee wa Kenneth Oakley, aliyekuwa na biashara ndogo, na Ruth Clark, mwalimu wa hisabati katika shule ya upili. Alipokuwa na umri wa miaka kumi familia ilihamia New York. Alikamilisha masomo katika Shule ya Upili ya Bayside mwaka wa 1942 akiwa wa kwanza miongoni mwa wenzake, akapata ufadhili wa kuendelea katika Chuo Kikuu cha New York, na mwaka wa 1945 akahitimu shahada ya hisabati kwa daraja la juu. Yamkini mapenzi ya hesabu aliyarithi kwa mama.

Shahada ya uzamifu aliisomea katika Chuo Kikuu cha Columbia, idara ya kemia, chini ya usimamizi wa George Kimball. Hapo ndipo hulka yake ya utafiti ilipoanza kudhihirika. Alitaka kukokotoa nishati ya molekuli fulani kubwa za kaboni, na hesabu zenyewe zilikuwa ndefu mno kwa kalamu na karatasi. Enzi hizo yalikuwapo mashine ya kuchakata kadi zilizotobolewa matundu, yaliyotengenezwa hasa kwa ajili ya hesabu za kibiashara. Dayhoff aliyachukua mashine hayo ya wahasibu na kuyafanyisha kazi ya kemia. Alitunukiwa shahada yake mwaka wa 1948, na mwaka huohuo akaolewa na Edward Dayhoff, mwanafizikia. Alifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller hadi mwaka wa 1951. Kisha mume alipopata kazi karibu na Washington, wakahamia huko. Mabinti wawili, Ruth na Judith, walizaliwa, na kwa miaka kadhaa mama yao aliweka utafiti kando ili awalee. Wanataaluma wengi wa kike wa kizazi chake waliotoka katika utafiti kwa njia hiyo hawakurudi tena. Yeye alirudi, kwanza kupitia Chuo Kikuu cha Maryland, kisha mwaka wa 1960 katika asasi changa iliyoitwa National Biomedical Research Foundation.

Asasi hiyo iliongozwa na Robert Ledley, daktari wa meno aliyesomea pia fizikia, na ambaye baadaye alibuni mtambo wa kupiga picha za ndani ya mwili mzima. Ledley aliamini kwamba tarakilishi ingeleta mapinduzi katika tiba na biolojia wakati ambapo wanabiolojia wengi walikuwa hawajawahi hata kuiona. Dayhoff alikuwa mkurugenzi msaidizi wake, na alidumu hapo miaka ishirini na mmoja.

Tatizo la kwanza walilolishughulikia lilihusu usomaji wa protini. Kufikia mwaka wa 1955 Frederick Sanger wa Uingereza alikuwa amefaulu kuupambanua mpangilio wote wa asidi amino 51 za insulini, kazi iliyomchukua takriban mwongo mzima. Njia yenyewe ilikuwa ni kuikata protini vipande kwa vimeng'enya, kusoma kila kipande, halafu kuikata tena mahali pengine na kusoma vipande vipya. Tuchukue mfano wa neno la Kiswahili. Tuseme mkato wa kwanza umetupa vipande viwili, FUNZI na MWANA, na hatujui kipi kilitangulia. Mkato wa pili umetupa MWA, NZI na NAFU. Kipande cha NAFU ndicho kinachotoa siri, kwa kuwa NA yake ni mwisho wa MWANA na FU yake ni mwanzo wa FUNZI. Neno la silabi nne halimsumbui mtu. Lakini protini yenye viungo mia moja na zaidi, iliyokatwa mara nyingi, na ambayo baadhi ya vipande vyake vimesomwa kwa makosa, ni fumbo la kumkosesha mtu usingizi kwa miezi. Mwaka wa 1962 Ledley na Dayhoff walitangaza programu ya tarakilishi waliyoiita Comprotein, iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran, ambayo iliweza kuviunganisha vipande vya namna hiyo kwa dakika chache.

Programu hiyo ilihitaji protini za kuifanyia kazi, na protini zilizosomwa zilikuwa zimetawanyika katika majarida ya nchi mbalimbali. Hapo Dayhoff akaanza kukusanya. Mwaka wa 1965, pamoja na Richard Eck na wenzao wengine, alichapisha toleo la kwanza la kitabu kilichoitwa Atlas of Protein Sequence and Structure. Kilikuwa na protini 65, yaani karibu kila protini ambayo mpangilio wake ulikuwa umejulikana duniani kufikia wakati huo. Kila ingizo lilihakikiwa, likalinganishwa na makala asilia, na makosa ya waandishi yakasahihishwa. Matoleo mengine yalifuata, kila moja likiwa nene kuliko lililotangulia. Aliyewahi kushiriki katika utungaji wa kamusi ataielewa kazi hii bila kuelezwa.

Ni katika kazi hiyo ya ukusanyaji ambapo Dayhoff aliwapa wanasayansi kitu wanachokitumia hadi leo, yaani alfabeti. Awali kila asidi amino iliandikwa kwa ufupisho wa herufi tatu. Kadi ya tarakilishi ilikuwa na safu 80 tu, na mnyororo wa viungo 146 kwa herufi tatutatu ulimaliza kadi nyingi. Dayhoff aliamua kwamba kila asidi amino iwakilishwe na herufi moja. Herufi za Kirumi ni 26, asidi amino ni 20, kwa hivyo nafasi ilitosha. Shida ilikuwa ni majina yanayogongana. Alanini ilichukua A, glisini G, lusini L, serini S, valini V. Kwa yaliyobaki ilibidi kubuni, na hapa wanafunzi wa fonetiki wana cha kutabasamia. Fenilalanini ilipewa F, kwa sababu ndiyo sauti inayosikika mwanzoni mwake ijapokuwa kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi nyingine. Triptofani, asidi kubwa kuliko zote na yenye pete mbili, ilipewa W, herufi pana inayoonekana kama herufi mbili zilizoungana. Asidi aspatiki ilipata D, na asidi glutamiki ambayo ni ndugu yake ikapata E inayoifuata. Glutamini ilitupiwa Q, herufi ambayo Kiswahili hakina haja nayo. Mwaka wa 1968 mfumo huu ulikubaliwa na tume ya kimataifa inayoratibu istilahi za kemia. Istilahi nyingi hubuniwa na kamati na kufia vitabuni. Hii ilizaliwa kutokana na uhaba wa nafasi kwenye kadi, ikadumu.

Protini zilipopangwa pamoja, jambo lingine lilijitokeza. Protini ileile ilionekana kwa binadamu, farasi, kuku na samaki, ikiwa na tofauti hapa na pale. Mwaka wa 1966 Dayhoff na Eck walieleza jinsi protini ya feredoksini ilivyoweza kukua kutoka kipande kifupi kilichojirudufu, na katika Atlas ya mwaka huo walichora kwa msaada wa tarakilishi mti wa nasaba wa protini. Aliandika pia, akishirikiana na Carl Sagan na wengine, kuhusu kemia ya hewa inayozizunguka sayari. Hayo yana nafasi yake, lakini kilele cha kazi yake ni jedwali lililotoka mwaka wa 1978.

Njia aliyoifuata katika jedwali hilo itawajia wepesi wale waliosoma isimu linganishi. Mtafiti wa lahaja anapoliweka jicho la Kiunguja kando ya jito la Kimvita, na kucheka kando ya kuteka, anaona kwamba ch na t hubadilishana mara kwa mara. Haoni ch ikibadilishana na m. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba sauti hizo mbili za kwanza zina ujamaa. Ameujua kwa kuhesabu mabadiliko ambayo lugha yenyewe imeyaruhusu. Dayhoff, pamoja na Robert Schwartz na Bruce Orcutt, alifanya vivyo hivyo kwa protini. Alichukua makundi 71 ya protini zenye udugu wa karibu, zinazofanana kwa asilimia 85 au zaidi, akahesabu humo mabadiliko 1,572. Aliyaita mabadiliko yaliyokubaliwa. Neno hilo lilikuwa na uzito. Badiliko lolote linaloonekana katika protini ya kiumbe aliye hai na mwenye kizazi limekwisha kupita mtihani wa maumbile. Yale yaliyoharibu kazi ya protini kabisa hayakuacha wazao wa kuyasimulia. Kwa hivyo orodha ya yaliyokubaliwa ni ushahidi wa yale yanayoweza kuvumiliwa.

Matokeo yalikuwa bayana. Asidi amino haziko sawa katika wepesi wa kubadilika. Alanini ikipewa kipimo cha 100, asparajini hufika 134 na serini 120, ilhali sisteini ni 20 na triptofani 18. Valini na isolusini, zinazokaribiana kwa umbo na zote zikiyakimbia maji, hubadilishana mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati nasibu, na katika jedwali lake linalotumika sana zilipata alama ya 4. Asidi aspatiki na asidi glutamiki, ambazo zote hubeba chaji hasi, zilipata 3. Asidi glutamiki na valini zilipata hasi 2, maana yake badiliko hilo huonekana mara chache kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Hilo ndilo badiliko la selimundu. Jedwali halikutungwa kwa ajili ya ugonjwa huo, lakini aliyelitazama angeonywa kwamba kubadilishana kwa viungo hivyo viwili si jambo la kupuuzwa.

Hata hivyo lisisifiwe kupita kiasi. Jedwali la Dayhoff halijui mahali. Linatoa alama ileile kwa asidi glutamiki kugeuka valini, iwe katika nafasi ya sita ya himoglobini au katika kona ya protini nyingine isiyo na kazi yoyote kubwa. Turudi kwenye lahaja: ch ikigeuka t katika jicho, msikilizaji wa Kiunguja huenda akafahamu bado, ikigeuka katika chupa, chombo kimekuwa kitenzi. Aidha, kukubaliwa si lazima kuwe sawa na kutodhuru. Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyelelewa nchini Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii akaona kwamba chembe za mundu zilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na chache katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Badiliko lilelile, basi, lilikuwa hasara mahali pamoja na ngao mahali pengine, kulingana na mbu. Jedwali la wastani wa protini zote haliwezi kusema hayo, wala Dayhoff hakudai kwamba laweza. Lengo lake lilikuwa kupima umbali wa udugu kati ya protini. Matumizi ya kutabiri madhara yaliota juu ya msingi huo.

Pamoja na mafanikio hayo, hadhi yake miongoni mwa wanabiolojia ilibaki na doa. Katika maabara za wakati ule mtafiti halisi alikuwa yule aliyeshika chupa ya majaribio. Aliyekusanya matokeo ya wenzake alionekana kama anayevuna asichopanda. Baadhi ya watafiti walisita kumpelekea data kabla hawajazichapisha, wakihofu kunyang'anywa sifa. Fedha za ruzuku zilikuwa haba na hazikuwa za kutegemewa, hivyo asasi yake iliiuza Atlas ili kufidia gharama, na baadaye ikaweka masharti kwa waliopewa data zake za kitarakilishi. Hapo lawama ikaongezeka: inakuwaje kazi ya wengi iuzwe na mmoja? Lawama hiyo haikuwa bila msingi, ila waliomlaumu aghalabu hawakusema mishahara ya wahakiki ingetoka wapi.

Jambo hili lilimgharimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbinu mpya za kusoma DNA zilifurika data, na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zikaamua kugharamia hazina kuu ya mipangilio ya DNA. Dayhoff aliomba kazi hiyo akiwa na tajriba ya miaka kumi na mitano na zaidi. Mnamo mwaka wa 1980 alikuwa tayari ameanzisha njia ya kuzifikia data zake kwa laini ya simu. Mwaka wa 1982 kandarasi ilipewa kampuni ya Bolt Beranek and Newman ikishirikiana na maabara ya Los Alamos, na hazina hiyo ikawa GenBank. Waliopewa walikuwa wameahidi kuzigawa data bila masharti kupitia mtandao wa tarakilishi. Ni vigumu kusema kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya kwa sayansi. Ni vigumu vilevile kusema kwamba aliyekuwa ameifungua njia alitendewa haki.

Isidhaniwe kwamba alikosa heshima kabisa. Alikuwa profesa katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Georgetown, na katika Chama cha Biofizikia cha Marekani alihudumu kama katibu kwa miaka mingi kabla ya kuchaguliwa rais wake mwaka wa 1980, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 57, miezi michache tu baada ya kuikosa kandarasi. Mwaka uliofuata chama hicho kilianzisha tuzo yenye jina lake kwa ajili ya watafiti wanawake waliokuwa wakianza taaluma.

Warithi wa jedwali lake ni wengi. Mwaka wa 1992 Steven na Jorja Henikoff walitunga jedwali jipya kwa data nyingi zaidi. Mwaka wa 2001 Pauline Ng na Steven Henikoff walitoa SIFT, programu iliyolitatua tatizo la mahali: badala ya wastani wa protini zote, inatazama nafasi ileile katika protini za ndugu wengi na kuuliza ni herufi zipi zimewahi kukubaliwa hapo. Mwaka wa 2023 kampuni ya Google DeepMind ilitoa AlphaMissense, iliyokadiria madhara ya mabadiliko milioni 71 ya herufi mojamoja katika protini za binadamu na kuyaweka asilimia 89 kati yake katika mojawapo ya makundi mawili, yanayoelekea kudhuru na yanayoelekea kutodhuru. Zote hizi zinategemea rekodi ya yaliyokubaliwa na maumbile, na zote huandikwa kwa herufi zake. Badiliko la selimundu kwa mfumo huo ni E6V.

Nayo Atlas haikufa. Mwaka wa 1984 wenzake katika asasi, Robert Ledley na Winona Barker wakiwa miongoni mwao, waliigeuza kuwa hifadhidata iliyoitwa Protein Information Resource. Mwaka wa 2002 hifadhidata hiyo iliunganishwa na zile za Ulaya ikazaliwa UniProt, ambayo mtu yeyote, awe na ruzuku au asiwe nayo, huisoma bila malipo.